Mchochota si uvimbe

Nimeshaisoma mara nyingi mno sentensi hii: "Kompyuta yagundua uvimbe kwa watoto wadogo kupitia damu." Mzazi akiisoma ataanza kumpapasa mwanawe shingo na tumbo, akitafuta kinundu. Hatakipata, maana si uvimbe unaozungumzwa.

Kinachozungumzwa ni mchochota, yaani inflamesheni: kinga ya mwili inapopambana na vijidudu au jeraha. Kinachopimwa kwenye damu ni metaboliti, yaani molekuli ndogo zinazotokea mwili unapovunja na kuunda vitu, kama asidi amino, sukari na mafuta. Na kazi ya kompyuta hapo ni ujifunzaji wa mashine: kuilisha kompyuta vipimo vya molekuli hizo kutoka kwa watoto wengi, itafute yenyewe mpangilio unaoandamana na mchochota.

Turudi kwenye neno. Kilatini inflammare ni kuwasha moto. Mrumi Celsus, karne ya 1, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Sisi tumeshika moja tukaifanya jina la zote, tena moja ambayo tayari tunaitumia kwa vinundu vya saratani. Mchochota unatokana na kuchochota, kule kuuma kwa kuwasha kwa kidonda. Umeukaribia ule moto kuliko uvimbe.

Tena upo mchochota wa chinichini usio na dalili hata moja kati ya hizo nne. Mtoto anacheza, ngozi yake ya kawaida, lakini damu inaonyesha protini ya CRP, alama ya mchochota inayotengenezwa na ini, imepanda. Huwezi kuuita uvimbe kitu ambacho hakijavimba popote.

Turudi kwenye metaboliti. Chukua triptofani, asidi amino ambayo mtoto huipata kwenye maziwa. Kinga ikiamka, kimeng'enya cha IDO huivunja na kutoa kinurenini. Ya kwanza hupungua, ya pili huongezeka. Mashine inaweza kuunasa uwiano huo vizuri sana, ila haijui kipi kimetangulia. Hapa ni mchochota uliopunguza triptofani, na wapo wanaoandika kinyume chake.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, inatosha kuandika kwamba kompyuta imehusisha metaboliti kadhaa na mchochota. Ukihofia wasomaji hawalijui neno hilo, andika inflamesheni, watakuelewa.