Je, wajua kwa nini mpilipili huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini?

Ukikuta mpilipili umepauka majani ya chini huku ya kileleni yakiwa bado mabichi, huo ni uamuzi wa mmea wenyewe. Nitrojeni ikipungua udongoni, mmea huvunja protini za majani makongwe na kuipeleka nitrojeni yake juu, kwenye machipukizi, maua na matunda. Fosforasi, potasiamu na magnesiamu nazo huhamishika hivyo hivyo. Kalsiamu, chuma na boroni hazihamishiki kwa urahisi: zikishatua kwenye jani zimetua, na zikikosekana dalili huonekana kwenye majani machanga na matunda.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, angalia mahali. Mkulima wa kilimo hai hana urea ya kumwaga leo na kuona matokeo wiki ijayo. Samadi na mboji huachia chakula polepole, na ukikosea kutambua tatizo, msimu wa mvua wa Machi hadi Mei unaweza kukuponyoka.

Tuanze chini. Jani likiwa manjano lote, mishipa pamoja, shuku nitrojeni. Mishipa ikibaki kijani na katikati yake pakawa manjano, ni magnesiamu. Kingo zikiungua kana kwamba zimepitiwa na moto, ni potasiamu. Mmea ukidumaa na majani yakawa kijani kilichokolea chenye uzambarau, fikiria fosforasi, hasa nyanda za baridi kama Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako ubaridi wa udongo huizuia mizizi kuichukua. Lakini usihangaike na alama za zambarau kwenye vifundo vya shina. Aina nyingi za pilipili huzaliwa nazo.

Upande wa juu ndiko wengi hukosea. Majani machanga yenye mishipa ya kijani na katikati manjano ni dalili ya kukosa chuma. Je, udongo mwekundu wa Buganda unakosaje chuma, wakati wekundu wake wenyewe unatokana na oksidi za chuma? Mara nyingi chuma kimo, ila mzizi haukifikii. Ukikuta dalili hiyo kwenye mipilipili iliyo karibu na jiko, uliza majivu yamekuwa yakimwagwa wapi. Majivu ya kuni yana potasiamu na kalsiamu nyingi na hupunguza tindikali ya udongo, jambo jema kwa kiasi. Yakizidi, chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kuifyonza. Potasiamu hiyo hiyo ikijaa hushindana na magnesiamu mlangoni mwa mzizi, na majani ya chini nayo yakaanza kupauka. Kuongeza majivu hapo ni kuongeza tatizo.

Hali kama hiyo huwapata wanaofukia maganda makavu ya kahawa au maranda ya mbao yasiyooza. Vijidudu vya udongoni vinavyoyaozesha huhitaji nitrojeni, na huichukua kabla ya mpilipili. Maganda hayo yaozeshwe kwanza, au yatandazwe juu ya udongo kama matandazo bila kuyachanganya ndani.

Na tunda la hoho lililobonyea na kuwa na doa la kahawia karibu na kitako? Hapo tunda limekosa kalsiamu, na watu hukimbilia kusaga maganda ya mayai. Maganda huchukua miezi mingi kuoza, na pengine udongo hauna upungufu wowote. Kalsiamu husafiri pamoja na maji, na majani huvuta maji mengi kuliko tunda. Ukimwagilia leo kisha ukauacha udongo ukauke siku kadhaa, kama inavyotokea Juni na Julai, tunda ndilo linalokosa. Maji ya kiasi kila mara na matandazo mazito hufanya kazi kuliko mayai.

Kabla ya kulaumu lishe, geuza jani. Vidukari hueneza virusi vinavyoacha mabaka ya kijani na manjano bila mpangilio. Upungufu wa lishe kwa kawaida hufanana kushoto na kulia kwa mshipa wa kati wa jani. Utitiri hukunja majani machanga. Ng'oa mche mmoja dhaifu pia: mizizi yenye uvimbe ni dalili ya minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na hakuna samadi itakayolisha mzizi wa namna hiyo vizuri.

Ukishuku nitrojeni, jaribu miche michache tu. Katakata majani ya alizeti mwitu, yale ya maua ya manjano yanayoota kandokando ya barabara. Yakikauka yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, na potasiamu zaidi ya hapo. Yaloweke wiki moja au mbili, zimua kwa maji, mwagia miche hiyo na uache mingine. Tazama majani yanayochipuka baadaye, maana makongwe huenda yasirudi kijani.

Miche yote ikiwa na dalili zilizochanganyika, pima udongo. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 hivi kutoka sehemu kadhaa za shamba, ruka penye majivu na lundo la samadi, changanya, anika kivulini, na upeleke sampuli maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda, karibu na Kampala. Omba wapime tindikali pamoja na lishe.