Msaada wa chakula hauandikishwi kwa kutuma ujumbe

Katika vikundi vya WhatsApp hapa Goma bado unazunguka ujumbe usemao kwamba tangu Corona msaada wa chakula unaandikishwa kwa simu tu: jaza fomu, lipa franga kidogo, tuma kwa vikundi 10.

Si kweli. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu mabadiliko yalikuwepo kweli. Mwaka 2020, ili kupunguza msongamano, mashirika mengi duniani yaliongeza vituo vya ugawaji, yakapanga watu kwa zamu, na pengine yakatoa posho ya miezi miwili kwa mara moja. Mahali ambapo soko lina chakula, pesa kwa simu zilitumika zaidi. Lakini zilikuwepo hata kabla ya Corona, na simu ni njia ya kupokea tu. Majina hutokana na uandikishaji unaofanyika kambini au mtaani, bila malipo yoyote.

Ukiona ujumbe huo, muulize chefu wa avenyu au kamati ya wahamishwa. Anayedai pesa au namba yako ya siri ni tapeli. Tafadhali usiusambaze: wanaolipa ni mama zetu wasio na akiba.