Baladi ya roki ni nini?

Baladi ya roki ni wimbo wa taratibu unaopigwa na bendi ya magitaa mazito, mara nyingi kuhusu mapenzi yaliyovunjika. Lakini si kila wimbo wa polepole ni baladi. Siri yake ni kujizuia. Bendi ingeweza kupiga kwa kishindo tangu mwanzo. Badala yake inamngojesha msikilizaji.

Chukua "November Rain" ya Guns N' Roses, bendi ya Los Angeles. Axl Rose, mwimbaji wake, aliutunga miaka mingi kabla haujatoka: tayari mwaka 1986 walikuwa wameurekodi kwa majaribio, na haukuingia kwenye albamu mpaka 1991, katika Use Your Illusion I. Ulipotoka ulikuwa na urefu wa karibu dakika 9, na bado mwaka 1992 ulishika nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, ambako redio hupenda nyimbo za dakika tatu au nne.

Unaanza kwa piano anayoipiga Rose mwenyewe. Zile sauti za fidla zinazoutanda wimbo hazikutoka kwa okestra. Alizipanga kwa kinanda cha umeme, sauti moja juu ya nyingine. (Okestra halisi, ya wapigaji 50, iliwekwa kwenye toleo jipya la mwaka 2022.) Ngoma za Matt Sorum zinaingia kwa mapigo mazito, yenye nafasi, na kila ubeti unaongezewa uzito kidogo.

Kisha Slash anaingia na gitaa la solo. Hakimbizi vidole. Noti zinavutwa, zinaning'inia, na unaweza kuzifuatisha kwa mdomo kama maneno. Aliyelelewa na rumba ya Kongo ataelewa upesi: mwimbaji akishamaliza yake, gitaa hushika usemi. Tofauti ni kwamba sebene huwainua watu wacheze, na hapa gitaa linalia.

Karibu dakika ya 7 kila kitu kinatulia, ungedhani wimbo umekwisha. Halafu piano inarudi na mwendo mwingine, wa giza, gitaa linapanda tena, na waitikiaji wanarudia ombi lilelile bila kuchoka. Kwangu mimi, ukubwa wa wimbo huu uko hapo. Mwanzoni mwimbaji alikuwa anambembeleza mpenzi wake. Sasa anaomba, na hakuna anayemjibu.