Sauti ya kompyuta kulipuka ghafla: kushusha volyumu tu hakutoshi

Tangu tuanze kampeni ya usikivu salama, malalamiko yanayotufikia yanafanana: mtu kavaa hedifoni, anaangalia vidio iliyorekodiwa kwa sauti ndogo, kapandisha volyumu mpaka mwisho ili asikie, mara tangazo linaingia na masikio yanapigwa. Halafu tunaulizwa, "si nishushe tu volyumu?" Jamani, hapana. Ukishusha vidio huisikii, utapandisha tena, na tatizo liko palepale. Kinachotakiwa kuzuiwa ni vile vilele vya sauti, yaani pale inaporuka juu ghafla.

Ndani ya sikio kuna kamsuli kanakokaza kelele ikizidi ili kupunguza mtikisiko, ila kanachelewa kidogo, kwahiyo mlio wa ghafla unapita kabla hakajakaza. Na seli za usikivu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima.

Sasa tufanye kazi. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Chagua spika au hedifoni unayotumia, ingia Properties, kisha Enhancements, weka tiki kwenye "Loudness Equalization", bonyeza Apply. Hii inapandisha sauti ndogo na kubana kubwa. Muziki utapoteza uhai kidogo, ni kweli, na baadhi ya draiva (programu zinazoendesha kifaa cha sauti) hazina kabisa hiyo sehemu, hapo usihangaike, tafuta programu yenye limita, yaani kizuizi kisichoruhusu sauti ipite kiwango fulani. Kwenye Linux ipo EasyEffects, inafanya vizuri sana.

Usifunge lile dirisha la kwanza bado! Rudi humo, nenda Communications. Watu wengi hawajui kwamba Windows kwa kawaida inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ukiwa kwenye simu ya mtandaoni, wewe unapandisha muziki ili uusikie, simu inakatika, ile asilimia 80 inarudi yote kwa mpigo. Chagua "Do nothing". Wengine wamelaumu hedifoni na kununua mpya kwa ajili ya hili, na inasikitisha maana ni tiki moja.

Notifikesheni zishushe peke yake kwenye Volume mixer ya Windows, sehemu inayopanga sauti ya kila programu kivyake. Mac nayo ina kipimo chake cha milio ya tahadhari, tofauti na sauti kuu.

Jingine, kila kifaa kina volyumu yake inayokumbukwa na kompyuta. Ulivyoacha spika haihusiani na hedifoni unayochomeka sasa hivi, kwahiyo chomeka, shusha, cheza sauti, ndipo uvae. Wanaotuambia "lakini jana ilikuwa chini" wanaongelea kifaa kingine.

Na ukishapigwa na mlio, sikio likabaki linavuma zaidi ya siku moja, au upande mmoja ukapungua kusikia ghafla, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo kwa sababu matibabu yake yanategemea kuwahi. Matone ya kununua bila kupimwa hayatibu hilo.