Ukali na ubongo wa mgonjwa wa skizofrenia

Pale stendi ya Moshi, akipita mtu anayeongea peke yake, watu humpisha na mama humvuta mwanawe karibu. "Chizi huyo, atakupiga." Sentensi hiyo imefunga mambo mawili kamba moja. Skizofrenia ni ugonjwa: mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa dhati kwamba jirani anamtilia sumu, mawazo hukatikakatika, hisia hupoa. Huwapata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Ukali ni tabia, na wagonjwa walio wengi hawana. Wao ndio hupigwa zaidi.

Lakini wapo wachache wanaopiga, na hao ndio waliowafanya watafiti wachungulie ubongo.

Chukua nyumba yenye mbwa. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Huyo ndiye mbwa: hubweka kabla hajajua aliyekuja ni nani. Nyuma ya paji la uso lipo gamba la mbele la ubongo, mwenye nyumba, anayetoka na kusema, "Nyamaza, ni mjomba." Kati yao zimepita nyuzi za mawasiliano. Mbwa akiwa mwepesi wa kubweka, au mwenye nyumba akichelewa kutoka, au nyuzi zikilegea, mgeni ataumwa.

Baadhi ya tafiti za MRI, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zimekuta kwa wagonjwa wenye historia ya ukali kwamba sehemu hizo ni ndogo kidogo, au nyuzi zake zimepungua ubora. Nyingine hazikukuta kitu. Tena pombe na dawa za hospitali nazo hubadilisha ubongo, kwa hiyo kujua kipi kilitangulia ni kazi. Na hata palipoonekana tofauti, ni wastani wa kundi. Hakuna daktari, awe hospitali ya KCMC hapo Moshi au Ulaya, anayeweza kuinua picha ya mtu mmoja akasema huyu atapiga.

Mfano wa mbwa wenyewe una mipaka, maana ukali si wa aina moja. Upo wa kuchomoka: mtu kasukumwa kwenye foleni, karusha ngumi. Huo ndio unaoelezwa vizuri na mbwa na mwenye nyumba. Upo wa kujihami dhidi ya adui asiyekuwepo, au wa kutii sauti inayoamuru. Hapa mwenye nyumba ametoka mapema kabisa, ila kapewa habari ya uongo. Na upo wa kukusudia, ambao hata wasiougua wanao.

Kinachoongeza hatari waziwazi zaidi ya picha yoyote ni bangi na pombe, kuacha dawa, na kuwahi kupiga huko nyuma. (Kumfunga mtu kamba uani, jambo ambalo familia nyingine hulifanya kwa kukosa la kufanya, humthibitishia tu kwamba maadui ni wa kweli.)

Kwa ukali usiokoma ipo dawa iitwayo klozapini. Inaweza kuupunguza hata kwa mgonjwa ambaye sauti bado hazijanyamaza. Ila huweza kushusha seli nyeupe za damu kwa kiwango cha hatari, ndiyo maana anayeimeza hupimwa damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.