Jicho dogo la wavu halivui kila samaki

Mwambao mzima utasikia: jicho la wavu, yaani tundu kati ya nyuzi zake, likiwa dogo, hakuna samaki anayeponyoka. Kwa wavu wa kutega, si kweli.

Wavu huo husimama majini kama ukuta, maboya juu, vipande vizito vya risasi chini. Samaki hajazuiwa tu, hunaswa. Kichwa hupenya jichoni, mwili hukwama, na akirudi nyuma uzi humshika kwenye matamvua. Kwa hiyo kila jicho lina samaki wa saizi yake. Mdogo hupita. Mkubwa hugonga pua, kichwa hakiingii, hugeuka na kwenda zake, isipokuwa uzi umshike mapezi au meno. Ndiyo maana jarife, wavu wa kutega papa na nguru, lina macho mapana. Ukitega macho ya kuingia vidole viwili tu, nguru mkubwa utamkosa, ubaki na vidagaa na watoto wa changu ambao hawajazaa hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Imani hiyo nadhani imetoka kwenye juya, wavu wa kukokota hadi ufukweni. Lenyewe huzoa wakubwa kwa wadogo na kung'oa nyasi za bahari; Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001.