Sindano ya uume uliopinda: yasemwayo na yaliyo kweli

Mwanamume aliyezoea uume ulionyooka miaka yote anaona siku moja kwamba ukisimama unaelekea kushoto, au unainukia tumboni kama ndoana. Akiupapasa anakuta kitu kigumu chini ya ngozi. Hamwambii mtu. Anakaa nalo mwezi, miezi sita, mwaka, na katika ukimya huo tafsiri zinamjia zenyewe: ni ngiri, ni punyeto za ujanani, ni tego la mume wa mtu.

Tego, kwa masimulizi yake lenyewe, hunasa watu wawili palepale. Hili hujengeka kwa miezi, tena kwa mtu mmoja. Ni kovu. Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama laini kama sponji inayojaa damu wakati wa kusimama, nayo imevikwa utando imara unaovutika. Utando huo ukiumia, mara nyingi kwa majeraha madogo ya kwenye tendo la ndoa ambayo mwenyewe hata hayakumbuki, kwa baadhi ya wanaume haufungi vizuri. Kovu linaota, na kovu halivutiki. Fundi cherehani anaujua mchezo huu: ukikaza uzi upande mmoja, kitambaa kinajikunja kuufuata. Kisukari huongeza uwezekano wa kulipata, na wengine wana ndugu yake kovu hilo mikononi, lile linalovuta vidole vikajikunja kuelekea kiganjani. Si saratani na haliambukizi. Aliyezaliwa na uume uliopinda, usio na uvimbe wowote, huyo ana jambo jingine, na sindano ninayoizungumzia hapa haimhusu.

Jina la ugonjwa, Peyronie, ni la François Gigot de la Peyronie, daktari mpasuaji wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeuandika mwaka 1743. Aibu ya leo, basi, ina karibu miaka mia tatu.

"Unachomwa moja tu, wiki ijayo umenyooka."

Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa mfuko na moyo. Dawa ya sindano iliyoidhinishwa Marekani mahsusi kwa ugonjwa huu, Desemba 2013, ni kolajenezi, inayouzwa kwa jina la Xiaflex. Ni kimeng'enya kinachomeng'enya kolajeni, nyuzi ngumu zinazolijenga kovu. Hupangwa kwa mizunguko. Kila mzunguko una sindano mbili zinazopishana siku moja hadi tatu, zikifuatiwa na siku ya daktari kuunyoosha uume kwa mikono taratibu. Kisha unapumzika wiki sita hivi na kurudia, mpaka mizunguko minne. Piga hesabu: sindano nane na karibu nusu mwaka.

Na baada ya yote hayo? Katika majaribio mawili makubwa yaliyohusisha wanaume zaidi ya 800, waliochomwa dawa yenyewe walipungua mpindo kwa wastani wa nyuzi 17 za pembe, yaani kama theluthi moja. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, ambao nao walikuwa wakinyooshwa vilevile, walipungua nyuzi 9. Kwa hiyo aliyeanza na nyuzi 50 akamaliza na 33 hajaibiwa. Hayo ndiyo matokeo ya kawaida. Wapo waliopata zaidi, na wapo ambao hawakupata kitu. Mimi naona theluthi si haba, maana kwa wengi ndiyo tofauti kati ya tendo kushindikana na kuwezekana. Ila daktari anayekuahidi kunyooka kama rula, mkimbie.

Kazi kubwa, tena, anaifanya mgonjwa mwenyewe nyumbani: kuuvuta na kuunyoosha uume taratibu mara kadhaa kila siku, kwa wiki sita baada ya kila mzunguko. Watu huishika sindano wakasahau zoezi. Dawa inalegeza kovu, na zoezi ndilo linalolielekeza lililolegea.

"Si upasuaji, kwa hiyo haina hatari."

Wengi wa waliochomwa huvimba na kuvilia damu. Uume unaweza kugeuka rangi ya zambarau iliyoiva, mwenyewe akadhani ameangamia. Hiyo hupungua ndani ya siku au wiki. Hatari yenyewe ni nyingine: utando uliolegezwa unaweza kupasuka uume ukiwa umesimama. Ilitokea kwa wachache sana katika majaribio, chini ya mmoja kwa kila 100, lakini ni jambo la dharura, na Marekani onyo lake limewekwa kwenye boksi juu kabisa ya maelezo ya dawa. Ukisikia mlio kama kitu kimekatika, uume ukalala ghafla, ukavimba na kuuma, hiyo si ya kusubiri kesho. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asifanye tendo kwa wiki nne baada ya sindano ya pili ya kila mzunguko, asitumie pampu ya kusimamisha uume, na hata chooni asijikamue kwa nguvu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Na kovu lililogusa njia ya mkojo halichomwi dawa hii kabisa.

Kuna pia hofu ya bakteria, kwa kuwa kimeng'enya hiki hutokana na bakteria. Anayechomwa hapewi bakteria. Anapewa kimeng'enya kilichotengwa na kusafishwa.

"Ni ile sindano ya nguvu za kiume."

Hapana. Sindano ya kusimamisha ni nyingine, ingawa daktari anaweza kukuchoma hiyo siku ya kwanza ili apime pembe ya mpindo. Kolajenezi haiongezi nguvu wala urefu. Asiyesimama vizuri huhitaji mazungumzo tofauti, na mara nyingi njia tofauti.

"Wahi kuchoma kabla halijakomaa."

Kuwahi kwa daktari, naam. Kuwahi kolajenezi, sivyo. Miezi ya mwanzo, mara nyingi kati ya 12 na 18, kovu bado linabadilika na uume huuma. Maumivu kwa wengi huisha yenyewe, lakini mpindo ni wachache sana unaowaachia hivihivi. Kolajenezi hutolewa hali ikishatulia, mpindo ukiwa umezidi nyuzi 30 na kovu likishikika kwa vidole. Zipo sindano nyingine, kama verapamili, ambayo kwa kawaida ni dawa ya shinikizo la damu, na intaferoni, dawa inayofanana na protini za kinga ya mwili. Ushahidi wa verapamili ni dhaifu zaidi. Vidonge vya vitamini E, ambavyo vimepewa wanaume kwa miaka mingi, mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2015 unasema visitolewe kwa ugonjwa huu.

Mwenye ndugu Ulaya asimtume haraka. Huko dawa iliitwa Xiapex, na mwaka 2020 kampuni iliyokuwa nayo iliiondoa sokoni yenyewe. Hata Marekani haiuzwi kiholela, kwa kuwa mtoaji lazima awe amesajiliwa na kufunzwa. Ni dawa ya kuhifadhiwa kwenye baridi. Anayekutolea kichupa kutoka mfuko wa koti anakuuzia kitu kingine.

Jambo moja la mwisho, linalowashtua wengi. Daktari anaweza kukuomba picha ya uume ukiwa umesimama, iliyopigwa nyumbani kutoka juu na kutoka ubavuni. Si uhuni. Kliniki, mbele ya mtu mwenye koti jeupe, wengi hawasimami, na pembe isiyopimwa haitibiki. Usimtumie kwa simu. Nenda nayo, mwonyeshe, aisome, halafu ifute ukiwa bado umekaa kwenye kiti.